Kabla Hujanunua Jengo la Usagara, Mwulize Fundi Cherehani

Msikilizaji wangu, leo nina jambo la majengo ya biashara, na nitaanzia Usagara, maana huko ndiko fedha nyingi za watu wetu zinakoelekea kwa sasa.

Usagara wengi wetu tuliijua kama mahali pa kushuka na kubadilisha gari. Unatoka Mwanza mjini, unaipita Buhongwa, unaipita Nyashishi, ukifika pale njia zinaachana. Moja inashika Shinyanga, nyingine inakwenda Kigongo, na ile ya mchepuo inazunguka kutokea Kisesa kwa mtu anayetaka kwenda Musoma bila kuingia mjini. Zamani mwenye safari ya Geita au Bukoba alifika Kigongo akapanga foleni ya kivuko, na akiwa na mgonjwa ndani ya gari alitazama maji na kumwomba Mungu. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi, gari linavuka kwa dakika chache tu. Daraja hilo limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Reli ya kisasa nayo, kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341, inapita humu humu wilayani Misungwi.

Basi unajua kinachofuata. Kiwanja kilichokuwa kinauzwa kwa kubembeleza, leo mwenyewe hapokei simu. Fremu zinaota kando ya lami kama uyoga baada ya mvua. Madalali wameongezeka, na kila mmoja ana jengo "la haraka", ambalo kuna mtu mwingine anakuja kulilipia Ijumaa.

Mmoja wa hao madalali alimpata binamu yangu. Binamu ni mfanyabiashara wa mchele, ameuhangaikia mchele miaka ishirini, na ile akiba yake imetoka gunia kwa gunia. Akanipigia simu usiku. "Kaka, nimepata jengo Usagara. Ghorofa moja, fremu sita chini, vyumba vinane juu, lipo barabarani kabisa."

Nikamwuliza, "Umelikagua?"

"Nimeliangalia. Zuri sana. Limepakwa rangi juzi juzi tu."

Msikilizaji, hapo ndipo penye mazungumzo yetu yote ya leo. Kuangalia na kukagua ni vitu viwili. Binamu yangu huyu huyu akienda mnadani kununua ng'ombe, hakuna wa kumdanganya. Atamfungua mdomo amtazame meno. Atamtembeza mbele na nyuma kuona kama anachechemea. Atampapasa nyonga, atamwinua mkia, atamwuliza mwenye ng'ombe mbona kwato hii imekaa hivi. Ng'ombe mmoja atammalizia saa nzima. Jengo la mamilioni kwa mamia aliliangalia robo saa, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara na dalali anamsemesha sikioni.

Nikamwambia asitoe hata kishika uchumba mpaka tuende na mtu anayelijua jengo kwa ndani.

Tulikwenda siku ya Jumanne asubuhi na mhandisi mmoja kijana, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mkobani alikuwa na futi kamba ndefu, pimamaji, timazi, nyundo ndogo, tochi, na mfukoni alikuwa na gololi tatu za kioo, zile wanazochezea watoto. Dalali alikuwa ameshika funguo tayari kutuingiza ndani. Kijana akampita, akarudi barabarani.

Alianza na barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5, na majengo mengi ya zamani yalijengwa kwa kipimo hicho cha zamani. Kijana akapima upana wa lami, akaugawa kwa mbili, kisha tukavuta futi kamba kutoka ukingo wa lami kuelekea kwenye jengo. Mimi nilishika mwanzo wa kamba, malori ya Shinyanga yakinipita karibu na kunimwagia vumbi. Ukuta wa mbele ukatoka mita 31 na kidogo. Binamu akashusha pumzi.

"Subiri, mjomba," kijana akamwambia. "Ukuta umepona. Ngazi hazikupona."

Kweli. Ngazi za kupandia juu zilikuwa nje, mbele ya jengo, pamoja na baraza lote ambalo wapangaji walipanga bidhaa zao. Zote zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Na jengo lile halikuwa na ngazi nyingine. Siku barabara itakapohitaji nafasi yake, vyumba vinane vya juu vitakuwa havina njia ya kuvifikia. Watu wetu wamekwishaona alama ya X ikichorwa ukutani, nyekundu kwa asiyelipwa na ya kijani kwa anayelipwa. Wale waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2017 wanakumbuka Kimara, nyumba zilivyovunjwa kwa mamia kando ya Barabara ya Morogoro kupisha upanuzi, na wengine walikuwa wamekaa pale miongo mingi. Usagara ni njia panda. Njia panda huwa haibaki na upana ule ule miaka yote.

Baada ya hapo nilidhani sasa tutaingia tukague kuta. Kijana akaingia, lakini akaanza na watu. Akapita fremu moja moja akisalimia. Mwenye duka la dawa za mifugo hakuwa na la kusema. Kijana wa kutengeneza simu alisema umeme unakatika kwake kila jirani wa kuchomelea vyuma akiwasha mashine. Tukafika fremu ya nne, kwa mama mmoja fundi cherehani, mtu mzima, amekaa nyuma ya mashine yake na futi imening'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kununua?"

"Tunatazama tu, mama. Hapa unafanya kazi vizuri?"

Mama akaacha kushona. "Nafanya. Tatizo langu ni mlango. Mwezi wa tatu na wa nne haufungi, nalala na wasiwasi wa vitambaa vya watu. Kiangazi unafunga vizuri. Seremala ameuranda mara mbili."

Kijana akasimama kwenye ule mlango akapitisha kiganja juu ya ubao. Ulikuwa umerandwa mshazari, upande wa bawaba mrefu, upande wa kitasa umeliwa karibu nusu ya upana wa kidole. Mlango haukuwa na kosa. Kilichokuwa kimeondoka mahali pake ni ukuta ulioushika.

Hapo ndipo alipozitoa gololi. Akaweka moja sakafuni katika fremu ya kwanza, ikatulia. Fremu ya pili, ikatulia. Ya tatu, ikasogea kidogo ikasimama. Katika fremu ya nne aliiweka katikati, ikaanza safari peke yake, polepole, kuelekea pembe ya nyuma ya kushoto. Ya tano vile vile. Ya sita iliondoka kama imeitwa. Binamu yangu aliitazama ile gololi mpaka ikagonga ukuta, na hakusema kitu.

Jibu lilikuwa kwenye udongo. Wazee wa Kisukuma hawakuhitaji maabara kuijua ardhi yao. Waliipa majina kwa tabia zake. Luseni ni ule udongo wa kichanga wa miinuko, wa mihogo na viazi. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, wa majaruba ya mpunga. Luseni ukinyeshewa maji yanapita yakaenda zake. Mbuga ukinyeshewa unakunywa, unavimba, na kiangazi unakauka na kupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Kila mwaka unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na chochote ulichokisimamisha juu yake kinapanda na kushuka pamoja nao. Tukamtafuta mzee mmoja jirani, tukamwuliza zamani hapa palikuwa na nini. Akanyoosha fimbo. Mbele pale palikuwa na miembe. Nyuma kule, kuanzia pale penye tangi la maji, palikuwa na jaruba la marehemu shemeji yake.

Basi jengo lile lilikuwa limeweka mguu mmoja luseni na mguu mwingine mbuga. Upande mmoja umetulia, upande mwingine unapumua. Katikati, juu ya linta ya mlango wa fremu ya nne, ungetegemea kuona ufa wa mshazari. Na ukuta ule ndio uliokuwa umepakwa rangi juzi juzi. Kijana akamulika tochi kwa ubavu, si kwa kuielekeza ukutani moja kwa moja, akaiweka karibu na ukuta, mwanga ukateleza juu yake. Ufa ukaonekana chini ya rangi, umezibwa kwa skimu, umekata kutoka kona ya linta kwenda juu kama mshipa.

Nyumba kujengwa kwenye mbuga si dhambi. Inawezekana kabisa kwa mtu anayechimba akautoa ule udongo mweusi mpaka akakuta ardhi ngumu, akajaza moramu na kuishindilia, akafunga msingi kwa mkanda wa zege wenye nondo za kutosha, kisha akahakikisha maji ya bati hayamwagiki mguuni pa ukuta. Jengo letu halikuwa hata na mfereji wa bati kwa nyuma. Mvua yote ya paa ilianguka pale pale penye mbuga.

Sasa nikupeleke kwenye ile pembe ya nyuma ya kushoto, ambako gololi zote zilikuwa zinakwenda. Pale kulikuwa na nguzo ya kona, na juu yake, ghorofani, bafu. Kijana akaigonga nguzo kwa nyundo ndogo kuanzia juu kushuka. Ilikuwa inalia ngo, ngo, ngo, sauti ya kitu kizima. Ilipofika usawa wa kifua sauti ikabadilika, ikalia kama mtungi mtupu. Akamwomba mwenye jengo ruhusa, mzee mpole tu, akakubali. Plasta ikabanduliwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Ndani zege lilikuwa na matundu kama sega la asali, kokoto zimekaa peke yake, saruji haikuzifikia. Nondo ilikuwa imevaa kutu nene ya rangi ya tumbaku, ukiikwaruza inatoka kwa magamba. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nondo ikiota kutu ndani ya zege inalipasua zege kutoka ndani kwenda nje. Maji yalikuwa yanatoka bafuni juu, tone kwa tone, labda miaka. Nondo zilikuwa za milimita 12, na ringi za kuzifunga ziliachana zaidi ya futi moja.

Yule mzee mwenye jengo alisimama nasi akatazama. Nilimwonea huruma, na nataka wasikilizaji mnielewe hapa. Hakuwa tapeli. Alitueleza alivyolijenga. Alianza na fremu mbili kwa fedha za pamba. Zikampa kodi, akaongeza mbili. Akapata mkopo wa ushirika, akaongeza mbili za nyuma kuelekea jaruba. Habari za daraja ziliposikika, akapandisha ghorofa. Kila hatua fundi alikuwa tofauti, na msingi ulibaki ule ule wa fremu mbili za mwanzo, ukiongezwa mkia. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyojenga, kidogo kidogo kadiri Mungu anavyojalia, na ndiyo maana jengo la biashara huku kwetu lazima liulizwe swali hili: msingi wako ulichimbwa kwa ajili ya ghorofa ngapi? Mwenye jengo asipokuwa na ramani iliyopitishwa na halmashauri wala kibali cha ujenzi kinachotaja hiyo ghorofa, jibu itabidi litafutwe kwa kuchimba pembeni mwa msingi na kuutazama.

Tulipanda juu kwa zile ngazi za hifadhi ya barabara. Vyumba vilikuwa safi, marumaru mpya, dari ya jipsamu. Binamu akafurahi tena kidogo. Akaanza kuonyesha: huku nitaweka mchele, huku ofisi, huku mashine ya kupepeta. Kijana akamwuliza, "Mjomba, mchele kiasi gani?"

"Msimu mzuri, gunia mia tatu."

"Gunia la kilo ngapi?"

"Mia."

Ni tani 30. Juu ya dari tayari kulikuwa na tangi la lita 5,000, na maji ya lita 5,000 yana uzito wa tani 5. Vyumba vile vilijengwa kwa ajili ya vitanda na masanduku. Mtu anayelala, meza yake na kabati lake, uzito wake unatawanyika na ni mdogo. Gunia zilizopangwa mpaka darini zinakandamiza mahali pamoja usiku na mchana, miezi. Jengo linalofaa kabisa kuwa gesti linaweza kuwa hatari likigeuzwa ghala, bila mtu kugusa hata tofali moja. Kwa hiyo mkaguzi asiulizwe "jengo ni zima?" tu. Aelezwe utalifanyia nini. Mashine ya kukoboa inayotetemeka, tanuri la mkate, shule ya watoto mia mbili, kanisa la vijana wanaorukaruka Jumapili, mnara wa simu juu ya paa, kila kimoja kina swali lake.

Natoka Usagara kidogo. Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa pale Kariakoo, Dar es Salaam, liliporomoka. Tuliusikiliza msiba ule sote redioni, siku baada ya siku, waokoaji wakiwasiliana na watu waliokuwa chini ya kifusi. Walikufa karibu watu 30. Taarifa za siku zile zilizungumzia uchimbaji wa kutafuta nafasi zaidi ya biashara chini ya jengo. Miaka kumi na moja kabla, tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua zaidi ya watu 30, na likaripotiwa kuwa limepandishwa kupita ghorofa zilizoruhusiwa. Na huku kwetu ziwani, tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, lilipita Bukoba likaonyesha ni kuta zipi zilikuwa zimefungwa vizuri na zipi zilikuwa zinashikiliwa na plasta.

Nikiwataja marehemu wa Kariakoo, nafikiria walikuwa akina nani. Wengi walikuwa wapangaji, wauzaji waliotumwa dukani, wateja, wachukuzi. Hawakuulizwa jengo linunuliwe au lisinunuliwe. Hawakuona ramani. Walifungua mlango asubuhi wakaanza kazi. Ndiyo maana mimi siuoni ukaguzi wa jengo la biashara kama jambo la mnunuzi na fedha yake peke yake. Anayelinunua anakuwa ameshika paa juu ya kichwa cha yule mama wa cherehani, naye mama hana mhandisi wa kumwita.

Makaratasi nayo yana ukaguzi wake, ingawa hapa nitapita haraka kwa kuwa wengi mmeanza kuamka. Ardhi yote nchini ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Tazama imebaki miaka mingapi. Kama ni ardhi ya kijiji, kuna sheria yake, Namba 5 ya mwaka huo huo, na kuna hatua za kupita kijijini. Nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi: je, jengo lina rehani ya benki, lina zuio, lina kesi? Matumizi yaliyoandikwa ni makazi au biashara? Mwenzi wa ndoa ameridhia? Kama mwenye mali amefariki, anayekuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au ni mtoto mkubwa tu mwenye funguo?

Lipo moja ambalo wanunuzi wa majengo ya biashara hulisahau, nalo liliwahi kumliza rafiki yangu. Kodi ya pango huku kwetu hulipwa ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Rafiki alinunua jengo mwezi wa pili, akaenda kudai kodi, kila mpangaji akamtolea risiti ya mwaka mzima aliyomlipa mwenye jengo wa zamani. Kwa miezi kumi alimiliki fremu nane zisizomwingizia hata senti. Kwa hiyo soma mikataba ya wapangaji wote kabla ya kusaini wako, na hiyo kodi iliyokwishaliwa itolewe kwenye bei.

Wewe unayetafuta jengo kando ya ziwa lenyewe, Kirumba, Ilemela, Igombe, au ng'ambo kule Busisi ambako watu wameanza kupimiana hoteli, lako ni zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Na ukingo wenyewe hautulii. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi usawa uliokuwa haujaonekana tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 likapanda tena likavuka hapo. Mwulize mvuvi maji yalifika wapi miaka hiyo miwili. Atakuonyesha kwa kidole, na mara nyingi ukuta wenyewe una mstari wa rangi ya chai usawa wa goti.

Nani basi wa kukukagulia? Fundi wako unayemwamini aje, macho yake yana thamani, anajua pa kugonga. Lakini jengo la ghorofa linataka mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, mwenye namba ya usajili unayoweza kuithibitisha kwenye bodi yake, na atakayekuandikia ripoti akaisaini. Aliyekuambia kwa mdomo tu leo, kesho anaweza kukwambia hakusema. Asiwe mtu aliyeletwa na dalali. Zimamoto waulizwe kuhusu njia za kutokea na umeme, kwa sababu zile fremu sita zilikuwa zimeungwa kwenye mita moja kwa waya uliofungwa kwa nailoni, na mchomeleaji yumo humo humo. Kama kuna wasiwasi wa zege, iko nyundo maalumu ya kupimia ugumu wake, na viko vyombo vya kuzitafuta nondo bila kubomoa. Kwa ufa unaotiliwa shaka, bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji uandike tarehe. Kioo kikipasuka, ufa bado unatembea.

Muda ndio wanaokunyima madalali. Jengo la kwenye mbuga ukilikagua mwezi wa nane litakupa sura moja, ukilikagua mwezi wa nne litakupa nyingine. Kama huwezi kusubiri mvua, wapangaji wamekwishaisubiri kwa niaba yako. Waulize. Nenda bila dalali, nenda ukanunue kitu, keti.

Gharama ya kazi yote ile, siku mbili za mhandisi, ripoti, nauli na chakula, haikufikia bei ya pikipiki moja mpya. Binamu yangu aliisoma ripoti usiku mzima. Asubuhi alimrudia mzee akampa ofa nyingine, iliyotoa gharama ya kuimarisha nguzo, kuhamishia ngazi ndani, na kurekebisha maji ya nyuma. Mzee hakuweza kushuka kiasi hicho, alikuwa na deni la watu. Wakaachana kwa heshima. Nakala moja ya ripoti tuliipeleka halmashauri kwa mhandisi wa ujenzi, kwa sababu ya wapangaji, na nyingine tukamwachia mzee.

Wiki ya tatu nikasikia limeuzwa. Mnunuzi alikuja na fedha taslimu, akatokea mbali, hakukaa hata nusu siku.

Ndugu yangu uliyelinunua, kama uko hewani nami jioni hii, sina ugomvi nawe na sikujui. Ripoti tunayo, ina kurasa kumi na nne na picha za ile nguzo. Binamu yangu amesema atakupa bure. Acha ujumbe kwa mapokezi ya redio hii, utaipata kesho. Ukiipokea, kabla hujafanya lolote lingine, toa maji kwenye lile tangi la juu, ziba lile bafu, umwite mhandisi aje aiwekee nguzo ya kona mihimili ya muda. Mvua za vuli zimekaribia, na fundi cherehani wa fremu ya nne bado yumo.